Taa ya gari bila skrubu: umbo hushika, gundi huziba

Geuza taa ya mbele ya gari la miaka ya karibuni uitazame mgongo. Skrubu utakazoziona, mara nyingi, ni za kuifunga taa kwenye bodi na za kurekebisha mwelekeo wa mwanga. Kioo na kasha vimeungana kwa njia nyingine: ulimi wa kioo umezama kwenye mfereji wa kasha, ndani ya mfereji kuna gundi nyeusi, na pembezoni kuna klipu kadhaa zilizobana. Fundi anayeifungua taa ya namna hii mara ya kwanza hudhani gundi ndiyo inayobeba kazi yote. Sivyo. Ulimi, mfereji na klipu ndivyo vinavyoshika; gundi inazuia maji na vumbi. Anayelielewa hilo haanzi kwa kutafuta gundi kali kuliko zote. Anaanza na kiungo chenyewe, na taa anazozifunga hazirudi zikiwa na maji ndani.

Skrubu ina ubaya gani hapa? Inabana mahali pamoja tu. Kati ya skrubu na skrubu kioo hubinuka kidogo, na maji yanahitaji mwanya mdogo sana kupita. Tena kioo cha polikaboneti, plastiki ngumu angavu, kinakua na kusinyaa kwa joto kuliko watu wanavyodhani: chenye urefu wa milimita 600, kikitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 80 za Selsiasi, kinaongezeka karibu milimita 2.4. Kasha nalo linakua, lakini si kwa wakati uleule, kwa sababu mbele kuna upepo na nyuma kuna joto la injini. Kioo kilichopigwa skrubu za kukaza huwa hakina pa kwenda, basi ufa unaanzia kwenye tundu la skrubu. Ulimi uliozama kwenye gundi laini unateleza milimita moja huku na moja kule bila kuachia.

Wazo lenyewe si geni. Taa za kioo zilizofungwa moja kwa moja, zilizoenea Marekani kuanzia magari ya mwaka 1940, zilikuwa na kioo cha mbele kilichoyeyushwa kikaungana na kiakisi chake (bakuli la ndani linalorudisha mwanga mbele), kitu kimoja kisichofunguka. Balbu ikiungua, taa nzima inatupwa. Plastiki ndiyo iliyorudisha swali la namna ya kuunga vipande viwili, kwa sababu plastiki ya mbele na ya nyuma kwa kawaida si za aina moja.

Kwa hiyo kabla ya kugusa joto au gundi, soma alama. Nyuma ya kasha kuna herufi zilizowekwa kati ya mishale miwili midogo: >PP-T40< au >PP-TD40< ni polipropilini yenye asilimia 40 ya unga wa talki, kasha la kawaida la taa za mbele. >PC< ni polikaboneti, na utaikuta kwenye ukingo wa kioo cha mbele. Taa za nyuma mara nyingi ni >PMMA<, yaani akriliki, juu ya kasha la >ABS< au >ASA<, nazo ni plastiki ngumu. Herufi hizi ndizo zinazoamua njia. Akriliki na ABS zikiyeyushwa pamoja zinashikana kweli, kwa hiyo kiwanda huzichomelea. Polikaboneti na polipropilini hazishikani hata uziyeyushe vipi. Zikipoa unazibandua kwa mkono. Ndiyo maana taa ya mbele ina mfereji na gundi, na taa ya nyuma mara nyingi haina.

Tuanze na klipu, maana ndizo zinazovunjika kwanza na ndizo zinazodharauliwa. Klipu ya plastiki ni ulimi mfupi wenye ndoana mwishoni. Ikipita kwenye kizuizi inapinda, kisha inarudi. Kiasi inachoteseka kwenye shina kinakokotolewa hivi: zidisha 1.5 kwa unene wa ulimi, zidisha kwa umbali ambao ndoana inasukumwa, kisha gawanya kwa urefu wa ulimi uliozidishwa kwa wenyewe. Ulimi wa unene wa milimita 2, ndoana ya milimita 1.5, urefu milimita 15: unapata 0.02, yaani asilimia 2. Fupisha ulimi huohuo uwe milimita 10, unapata asilimia 4.5. Milimita tano tu zimeongeza mateso zaidi ya mara mbili. Polikaboneti inavumilia karibu asilimia 4 kwa kufungwa mara moja. Kama klipu itafunguliwa mara kwa mara, chukua asilimia 60 ya kiwango hicho. ABS ni karibu 2.5. Polipropilini tupu ni mvumilivu, lakini yenye talki 40 ni ngumu na hukatika upesi, na sisi hatuivushi 2. Akriliki usiitengenezee klipu kabisa. Anayetengeneza klipu mpya, kwa mashine ya kuchapa plastiki au kwa kuchonga, aweke mviringo kwenye shina wenye nusu ya unene wa ulimi. Kona kali ya ndani ndipo zinapokatikia, karibu zote. Mteremko wa kuingilia uwe nyuzi 25 hadi 30 za pembe. Upande wa kushikilia, nyuzi 45 kwa klipu itakayofunguliwa, na 90 kwa ile isiyofunguliwa tena.

Klipu za taa iliyokaa miaka kwenye joto la injini hazifuati hesabu hizo. Zimekauka. Polipropilini pia huwa dhaifu inapokaribia nyuzi 0, kwa hiyo usifungue taa iliyotoka kwenye baridi kali. Zipashe klipu hadi nyuzi 50 au 60 kwanza, kisha inua kila moja kiasi cha kupita ndoana tu. Ukishaiinua, chomeka kabari nyembamba ya plastiki ili isirudi, nenda kwenye inayofuata. Bisibisi ya chuma inayotumika kama mtaimbo inavunja klipu na kuacha kovu kwenye ukingo wa mfereji, na kovu hilo litakuwa njia ya maji baadaye.

Ikikatika, usiibandike kwa gundi. Gundi nyingi haziishiki polipropilini. Kuna njia mbili zinazodumu. Ya kwanza ni kuzamisha waya za chuma cha pua zenye umbo la wimbi, unene wa milimita 0.6 au 0.8, kwa mashine inayoupasha waya moto hadi unazama kwenye plastiki; waya mbili zikivuka ufa, kisha juu yake ukayeyusha kijiti cha polipropilini, klipu inarudi kazini. Ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni kuachana na klipu iliyokatika na kuvalisha kibano cha chuma cha springi chenye umbo la U, kinachobana ukingo wa kioo na ukingo wa kasha pamoja. Viwanda vingine huvitumia tangu mwanzo. Vinabana kwa nguvu ileile baada ya miaka, na kuvitoa ni kuvivuta tu.

Sasa gundi ya mfereji. Taa nyingi za mbele zinazofunguka zimefungwa kwa butili, mpira mweusi unaonata usiokauka kamwe. Unalainika kwa joto na kurudi ugumu wake ukipoa, na kwa sababu hiyo taa inaweza kufunguliwa na kufungwa tena bila kukata kitu. Zingine zimefungwa kwa poliyurethani, nayo ikishakauka haiyeyuki tena. Jinsi ya kuzitofautisha: penyeza ncha ya kijiti kwenye mfereji palipopashwa moto kidogo. Butili inavutika kama nyuzi na kunata kwenye kijiti. Poliyurethani inabonyea na kurudi kama soli ya kiatu. Dakika mbili za jaribio hili zinakuepusha kuiweka kwenye oveni taa ambayo haitafunguka hata kasha lilainike.

Kwa butili, toa kwanza balbu, vifuniko vya mpira, vifaa vya umeme vinavyotoka, na skrubu zozote zilizojificha. Hata taa inayoonekana haina skrubu huwa na mbili tatu kwenye kona, na mtu hukumbuka baada ya kuvunja sikio la kasha. Osha nje, kausha kabisa. Oveni iwe ya hewa inayozunguka, nyuzi 90 hadi 100, dakika 10 hadi 15, na taa ilale juu ya ubao. Usiamini kitufe cha oveni. Weka kipimajoto pembeni ya taa, maana oveni nyingi hupita kiwango kwa nyuzi 20 kabla ya kutulia. Waya za kupasha zisiitazame taa moja kwa moja, zikinge kwa sinia. Polikaboneti yenyewe hulainika karibu na nyuzi 147, na kwa sababu hiyo wengine huona nyuzi 120 ni salama. Wanasahau kwamba ndani ya taa kuna urembo wa ABS uliopakwa rangi ya fedha, unaoanza kujikunja karibu na nyuzi 100, na kasha la polipropilini linalopinda kwa uzito wake lenyewe likiwa na joto. Taa yenye vipande vingi vya ndani naipa nyuzi 80 kwa dakika 20 na kuendelea; polepole, lakini inatoka kama ilivyoingia. Ukitumia hewa ya moto badala ya oveni, kaa sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye mfereji na usisimame mahali pamoja.

Kuvuta kunahitaji watu wawili: mmoja ashike kasha, mwingine avute kioo. Anzia kona moja, achia klipu, vuta moja kwa moja kuelekea nje. Ukipindua kioo, ulimi wake unakatika upande wa mbali. Butili itatoa nyuzi ndefu nyembamba. Zikate kwa kisu cha plastiki kabla hazijaangukia kiakisi. Zikishagusa kiakisi, acha. Utando wa alumini unaong'aa pale una unene wa karibu mikroni 0.1, na kitambaa laini kuliko vyote kitauondoa. Vumbi la kiakisi linapulizwa kwa puto la mpira la mkono. Hakuna dawa ya kusafishia inayofaa pale.

Butili ya zamani itolewe yote kama hujui ni ya aina gani. Ipashe, ing'oe kwa kijiti cha mbao, kisha yaliyobaki yabandue kwa kipande cha butili mpya ulichokifinyanga: inayavuta yenyewe. Mfereji wa polipropilini unaweza kufutwa kwa spiriti nyeupe. Kioo, hapana. Kioo kinafutwa kwa maji yenye sabuni laini na kukaushwa kwa hewa, nawe umevaa glavu safi, maana alama ya kidole kwenye upande wa ndani itaonekana kila taa ikiwashwa.

Kiasi cha butili ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Tuchukue mfereji wa upana wa milimita 8 na kina cha 10, na ulimi wa unene wa milimita 3 unaoshuka hadi kubakiza milimita 2 chini. Ukilaza kamba ya butili yenye kipenyo cha milimita 7, una karibu milimita za mraba 38 hadi 40 kwenye mkato wake. Milimita 16 za mraba zinajaza chini ya ulimi, zilizobaki zinapanda pembeni mwa ulimi kiasi cha milimita 4.5 hivi kila upande. Hapo ulimi umekumbatiwa vizuri na mfereji bado una nafasi juu. Tumia kamba ya milimita 5 na butili inapanda chini ya milimita moja. Ulimi umegusa tu, haujazama, na mtetemo wa barabara utaufungua. Tumia ya milimita 10 na mfereji unafurika: kwa taa yenye mzingo wa mita 1.6, zaidi ya sentimita za ujazo 30 zitatoka nje na ndani, na za ndani utazitazama kila siku kupitia kioo. Pima mfereji wako, fanya hesabu hiyo, kisha nunua kamba.

Unapoilaza, usiivute. Butili iliyovutwa inataka kurudi, na saa kadhaa baadaye imeachia kona. Ishushe kwa kidole, hasa kwenye kona kali. Ncha mbili zikutane upande wa taa, pasipo klipu, zikatwe mshazari na kupandana milimita 10 hadi 15. Usizikutanishe sehemu ya chini ambako maji hutuama. Rudisha kasha lenye butili kwenye oveni, nyuzi 80 hadi 90 kwa dakika 5 hadi 8, litoe, weka kioo, bonyeza pande zote kwa zamu hadi klipu zilie. Kisha vibano vya mbao vyenye kitambaa, kimoja kila sentimita 10 hadi 15, na si vya kukaza kwa nguvu zote. Baada ya dakika kumi zunguka tena uongeze kidogo, kwa sababu butili hutiririka polepole na vibano vya mwanzo vitakuwa vimelegea. Viache hadi taa ipoe yote, saa moja au mbili.

Poliyurethani ni kazi nyingine. Inakatwa, kwa msumeno mwembamba unaotikisika, milimita kwa milimita ndani ya mfereji, na mara nyingi ukingo wa nje wa mfereji unatolewa mhanga ili kisu kifike. Kiwandani polipropilini ilipigwa moto au plazima kwanza ili gundi ishike. Wewe huna plazima. Basi usikwangue gundi ya zamani hadi kwenye plastiki. Acha utando wake wa milimita 1 hadi 2, ukate uwe sawa, kwa sababu gundi mpya ya poliyurethani itaishika ile ya zamani vizuri kuliko itakavyoishika plastiki tupu. Mafundi wa vioo vya mbele vya magari hufanya hivyohivyo. Gundi hii inakauka kwa unyevu wa hewa, kutoka nje kwenda ndani, karibu milimita 3 kwa siku ya kwanza na polepole zaidi baada ya hapo. Mfereji wa kina cha milimita 10 hauko tayari kesho yake hata kama juu umegusa ukaona pakavu. Na usiiharakishe kwa joto kali: inatoa mapovu.

Taa za nyuma zilizochomelewa nitazipitia kwa upande wa namna zilivyotengenezwa, kwa sababu namna hiyo inaeleza zinavyovunjika. Njia ya sahani ya moto hupasha kingo zote mbili, sahani inatolewa, vipande vinakandamizwa kabla havijapoa. Muda wa kuitoa sahani ukizidi sekunde chache, ngozi baridi inakaa katikati na kiungo kinabaki na sura tu. Akriliki na ABS zikinata kwenye sahani zinaacha nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya taa, na nyuzi hizo zinaonekana. Njia ya mtetemo husugua kioo juu ya kasha kwa karibu mara 100 hadi 240 kwa sekunde hadi msuguano uyeyushe kingo. Ni ya haraka, ila inataka kingo zilizo karibu tambarare, na husaga vumbi la plastiki ambalo hutulia kwenye kiakisi. Mawimbi ya sauti ya 20 hadi 40 kHz yanafaa taa ndogo. Leza ndiyo safi kuliko zote: mwanga wa karibu nanomita 808 hadi 980 hupita kwenye kioo bila kukigusa, unanyonywa na kasha jeusi, na kuyeyusha palipogusana tu. Sharti lake ni moja na halina huruma: mwanya kati ya vipande usifike hata milimita 0.1, maana joto halivuki hewa.

Ukiona taa ya nyuma imeachia kwenye mshono, kwa hiyo, tazama sura ya mpasuko. Ukiwa laini na unang'aa, uchomeleaji ulikuwa baridi tangu mwanzo. Ukiwa umechanika na plastiki imevutika pande zote mbili, taa iligongwa. Mshono wa namna ya kwanza utaendelea kufunguka, na kuziba sehemu moja ni kuahirisha. Wa pili unaweza kuzibwa palipo na ufa kwa gundi ya methakrilati ya sehemu mbili, inayoshika akriliki na ABS kwelikweli. Kama ulilazimika kuikata taa nzima kwa msumeno, pasha kioo cha akriliki nyuzi 75 hadi 80 kwa saa mbili na ukiache kipoe ndani ya oveni kabla ya kupaka gundi. Kukata kunaacha mkazo kwenye ukingo, na kimiminika cha gundi kikigusa akriliki yenye mkazo, nyufa ndogo kama nywele zinajitokeza mbele ya macho yako.

Hapo niseme wazi kuhusu vimiminika na gundi zisizofaa, maana taa nzuri nyingi hufa kwa mkono wa anayezitengeneza. Petroli, thina na asetoni vinapasua polikaboneti, wakati mwingine siku kadhaa baadaye. Spiriti ya kusafishia inapasua akriliki yenye mkazo. Supaglu inatoa mvuke unaoacha ukungu mweupe ndani ya kioo, na kiungo chake ni kikavu kisichovumilia mtetemo. Silikoni yenye harufu ya siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula utando wa kiakisi na pini za umeme. Kama ni lazima kutumia silikoni, iwe ile isiyo na harufu hiyo, na taa iachwe wazi hadi ikauke yote kabla ya kufungwa.

Jambo linalobishaniwa sana ni tundu la kupumulia. Taa yenye lita 5 za hewa, ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 60, inataka kutoa karibu lita 0.7. Ukiizuia, shinikizo ndani linapanda kwa takriban kilopaskali 14. Kwenye kioo cha milimita 600 kwa 200 hiyo ni nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 150 ikikisukuma nje. Hewa ikishapenya nje kwa joto hilo, gari likipita kwenye maji, taa inapoa ghafla na nguvu inayokaribia hiyo inageuka kuvuta ndani. Hakuna butili itakayoshinda hilo kwa muda mrefu. Vile vibandiko vidogo vya duara mgongoni mwa taa, na vile vijirija vya mpira vilivyopinda kwenda chini, vinapitisha hewa na kuzuia maji. Visafishe matope, vibadilishe vikiraruka. Kamwe usivipake silikoni. Taa iliyofungwa vizuri pande zote kisha ikazibwa pumzi itapata maji haraka kuliko iliyofungwa hivihivi.

Viungo vidogo visivyo na skrubu vina tabia zao, nitavigusa kwa ufupi. Taa ndogo ya pembeni kwenye mbawa ya gari inakaa kwa ndoana isiyosogea upande mmoja na springi upande wa pili. Isukume kuelekea springi, ndipo upande wa ndoana utoke. Kishikio cha balbu huzungushwa robo au chini yake na hukaa juu ya oringi, yaani pete ya mpira. Oringi iliyolala bapa ibadilishwe, usiiongezee gundi. Kiakisi kinachorekebishwa hushikwa na vichwa vya duara vilivyoingia kwenye vikombe vya plastiki; vuta sambamba na mhimili wa kichwa, kwa wenzo bapa uliowekwa karibu kabisa nacho, la sivyo kikombe kinapasuka. Na bodi ya umeme ya taa ndogo hukaa juu ya vijiti vya plastiki vilivyoyeyushwa vichwa. Kijiti kipya kitokeze mara 1.5 hivi ya kipenyo chake juu ya bodi, kiyeyushwe bila kutoa moshi, kisha kikandamizwe kwa chuma baridi hadi kigande. Ukiachia kikiwa laini, kichwa kinajiinua na bodi inacheza.

Kabla ya kuirudisha taa kwenye gari, ijaribu. Ziba matundu yote kwa vifuniko vyake, acha tundu moja la kupumulia na uunganishe nalo mpira mwembamba wenye tawi. Tawi hilo liingie kwenye bomba angavu lenye umbo la U lililotiwa maji. Matundu mengine ya kupumulia yazibe kwa utepe wa karatasi unaonata kwa muda wa jaribio tu. Puliza kwa mdomo hadi maji yapishane sentimita 20, bana mpira, na utazame dakika moja. Maji yakitulia palepale, mshono uko sawa. Yakishuka, paka mapovu ya sabuni kuzunguka mfereji na utaona mahali penyewe, kwa kawaida kwenye kona au ncha za kamba zilipokutana. Usitumie hewa ya kompresa: kioo kitaruka. Ukipata panapovuja, pasha sehemu hiyo peke yake, bonyeza, weka kibano, rudia. Kuongeza gundi kwa nje kunaficha uvujaji na kukusanya uchafu.

Ikishafungwa kwenye gari, washa taa nusu saa, kisha inyunyizie maji baridi dakika tano. Ukungu mwembamba kwenye kona unaotoweka taa ikiendelea kuwaka ni wa kawaida. Matone yanayotiririka si ya kawaida. Mwisho simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, mahali tambarare. Kama mteremko ulioandikwa kwenye taa ni asilimia 1, mstari wa juu wa mwanga wa chini (dimu) uwe sentimita 10 chini ya kimo cha katikati ya taa. Kasha lililopinda kidogo kwenye oveni linajionyesha hapa, kwa mwanga uliohama upande, hata kama kwa macho taa inaonekana nzima. Skrubu za kurekebisha zina mwisho wake. Zikifika mwisho kabla mwanga haujakaa sawa, kasha limepinda, na hilo linabadilishwa.